Damu Isiyosikia Dawa

Mwanakombo binti Selemani alikuwa na imani moja ambayo si shehe wala bwana afya aliyeweza kuing'oa: damu ikitoka mwilini, lazima irudishwe. Haijalishi imetokaje. Mwanamke amejifungua, mtu amejikata na panga shambani, mwingine ametolewa damu kwa sindano hospitali, utamwona Mwanakombo huyo mlangoni na chungu chake. Na ndani ya chungu kuna kisamvu. Si kile cha kuchemshwa harakaharaka kikaletwa kingali kichungu, hapana. Ni majani machanga ya muhogo, yametwangwa yakatwangika, yamepikwa mpaka yamelainika, yametiwa nazi. Utakula siku tatu, asubuhi na jioni, na usipomaliza sahani utalijua jina la mama yako.

Watu wa Nandope, kijijini kwake huko juu ya Mikindani, walimtania sana. "Mwanakombo, hata mtu akinyolewa vibaya unaleta chungu?" Naye hakuwa mtu wa kukaa na neno la mwenzake. "Cheka, cheka tu. Siku ukianguka kizunguzungu usinitume mtu." Lakini wazee waliojua sababu hawakumcheka. Mdogo wake wa tumbo moja alifia mikononi mwake baada ya uzazi, damu ikimtoka haina breki, na Mwanakombo hana la kufanya ila kuita jina lake. Tangu siku hiyo akichungulia damu tu, hata ya kuku, moyo humpasuka.

Alikuwa mjane, ana mihogo yake, ana mikorosho kidogo, na kwa watoto alibakiwa na mmoja tu, Amina. Basi nakwambia, Amina alikuwa ndiyo macho yake. Aliolewa na Shabani, kuli wa bandarini Mtwara, wakakaa Chuno. Mwaka sabini na mbili, mimba ya kwanza ilipokomaa, akarudi kwa mama yake kujifungua, kama desturi. Akapata mtoto wa kiume, salama salimini, na chungu kikainjikwa.

Siku ya kumi na mbili mambo yakageuka. Amina aliamka mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani mpaka kisigino, mweupe, unang'aa, ukiugusa una moto. Mkunga akautazama, akasema binti amekanyaga kitu. Mwanakombo akamjia juu. "Akanyage wapi, na siku kumi na mbili hajavuka kizingiti?" Akajifunga khanga, akaenda barabarani mwenyewe, akasimama katikati mbele ya lori la korosho. Akamwambia dereva achague, ampakie mgonjwa au amkanyage yeye. Dereva akampakia mgonjwa.

Hospitali, daktari akaupima mguu kwa utepe, akaubonyeza, akasema maneno ambayo Mwanakombo aliyasikia vizuri ila yakakataa kuingia. Damu imeganda ndani ya mshipa. Donge likibanduka likapanda mapafuni, binti hatawahi hata kuaga.

"Imeganda?" Mwanakombo alishika kichwa. "Ndani ya mtu anayepumua? Yarabi, mbona inayoganda ni ya mbuzi aliyechinjwa!"

Muuguzi alishaanza kumvuta mkono Amina kutafuta mshipa. Siku tisa binti alilala wodini, sindano mchana, sindano usiku, na mama yake chini ya kitanda na kichanga mgongoni. Uvimbe ukapungua. Siku ya kuruhusiwa wakatumwa dirisha la dawa, na hapo ndipo Mwanakombo alipokutana na Elia.

Elia alikuwa mgawa dawa, mtu wa Njombe, ana mwaka wa pili Mtwara. Koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kalamu mbili mfukoni, na subira kidogo. Mwovu hakuwa. Alichoka tu kuwaeleza watu jambo moja mara kumi kwa siku. Akamimina vidonge vidogo vya rangi ya waridi kwenye bahasha.

Mwanakombo akaitazama bahasha, akamtazama yeye. "Mwanangu, mbona mnambadilishia? Si mngetupa zile sindano twende nazo? Zimemfaa."

"Mama, zile ni heparini. Ikiingia tu, damu inatii saa hiyohiyo. Lakini ukiacha kumchoma, saa chache imekwisha nguvu, na wala haimezeki, tumbo haliipitishi. Ile ni ya wodini. Hivi ni wafarini. Hivi ni vivivu, siku tatu nne ndipo vinashika, ndiyo maana tulimwanzishia huku sindano zinaendelea. Vikishika, navyo haviachii upesi. Faida yake anameza nyumbani kwake."

"Na aspirini? Iko kila duka, na bei yake ni ya watu maskini."

"Aspirini ni ya kichwa na homa. Nayo inaichezea damu, sikatai, lakini kwa donge la mguu kama hili haitoshi. Na akiimeza juu ya hivi vidonge, zote zinasukuma upande mmoja, atatoka damu tumboni. Hata kichwa kikimgonga vipi, asiiguse. Umenisikia?"

"Nimesikia, sina uziwi."

"Sasa hasara ya wafarini." Elia akainua kidole. "Kipimo chake hakilingani kwa watu. Kikipungua, damu inaganda. Kikizidi, damu haisimami. Kwa hiyo kila Alhamisi mnarudi hapa, tunamtoa damu, tunahesabu inachukua sekunde ngapi kuganda. Na dawa za miti shamba, marufuku. Mnatumia?"

"Hatutumii."

"Mama, niambie kweli."

"Nimekwambia hatutumii! Anakula chakula, basi."

Na kweli hakudanganya. Angesimama hata mbele ya kadhi akaapa. Huko kwao kisamvu si dawa, ni kitoweo, utakikuta katika kila nyumba kama chumvi. Na Elia wa watu, kwao Njombe kwenye baridi ile muhogo haumei, hakuwa hata na wazo la kuuliza.

Alhamisi ya kwanza Mwanakombo alilia. Alidhani damu ya kupima ni tone la kidoleni, kumbe wanavuta kwa bomba la sindano! Akaliona linajaa, jekundu, mbele ya macho yake. "Nyie mnaitibu damu au mnaiuza?" Muuguzi akacheka. Yeye hakucheka. Walipofika nyumbani hakukaa hata kitako, alishika kikapu akaenda kuchuma majani, na kwa siku tatu Amina alikula kisamvu asubuhi, akala kisamvu jioni. Aliposema ameshiba mama yake alimwuliza kama anataka mtoto wake alelewe na mama wa kambo.

Alhamisi ya pili Elia alitazama karatasi ya maabara, akakunja uso. Damu bado inaganda upesi mno. Daktari akaongeza, juu ya kile cha waridi kimoja cha buluu. Damu ikatolewa, na nyumbani chungu kikainjikwa. Alhamisi ya tatu, vilevile, damu haisikii. Vikawa viwili vya waridi. Elia akaivuta bahasha, akavihesabu vilivyobaki, akainua macho.

"Mama. Semeni ukweli tuokoe muda. Huyu binti hamezi. Mnavitupa."

Kulikuwa na foleni nyuma yao, watu kama ishirini. Wote wakatega masikio. Mwanakombo alihisi masikio yanawaka. Katika umri wake wote alishawahi kuitwa mkali, mbishi, mwenye domo, na hakuna hata moja lililomsumbua kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Mwongo, hakuwahi kuitwa.

"Mimi? Mimi binti Selemani nimtupie dawa mwanangu? Huyuhuyu mmoja niliyebaki naye?" Sauti yake ilisikika mpaka getini. "Wewe kijana, mama yako yuko hai? Basi mshukuru Mungu hakusikii!"

Amina alimvuta khanga, "Mama, twende, twende." Wakaenda.

Toka siku hiyo umezaji wa vidonge ukawa shughuli ya kijiji. Kila jioni aliitwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Athumani, aje ashuhudie. Amina anakaa kwenye kigoda, anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi. Balozi anachungulia, anasema, "Vimekwenda." Majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwanakombo hachekeshwi. Na kwa kuwa kuanzia wiki ile daktari aliagiza damu itolewe mara mbili, Jumatatu na Alhamisi, kisamvu hakikukatika hata siku moja. Tena alikizidisha. Alikitwanga kwa hasira, kila mchi ukishuka anamwona Elia.

Daktari akaongeza tena. Viwili vya waridi na kimoja cha buluu. Na safari hii, alhamdulillahi, damu ikatii! Sekunde zikafika pale zinapotakiwa. Elia akatabasamu dirishani. "Mnaona? Mkimeza inakubali." Mwanakombo akalimeza hilo tusi la pili kwa sababu ya furaha. Wakapewa vidonge vya wiki mbili, kipimo kilekile, warudi baada ya hapo.

Kesho yake Shabani akaja kumchukua mke wake. Arobaini ilishapita, mguu umepona, mume ana haki yake, na Mwanakombo hakuwa na la kupinga. "Usiwe na wasiwasi, mama," Shabani alimwambia kwa adabu. "Kwangu hatakosa kitoweo. Samaki wabichi kila siku, wali, mkate wa asubuhi. Majani atapumzika kidogo." Amina akacheka kwa mara ya kwanza tangu uzazi. Vidonge akavifunga kwenye pindo la khanga, na kule Chuno akavimeza kila jioni bila kukosa hata kimoja.

Siku ya kumi na moja, Mwanakombo alipanda gari la asubuhi kwenda kumjulia hali. Alibisha hodi, hakuitikiwa, akaingia uani. Amina alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, upande wa khanga ameukandamiza mdomoni. Khanga ilikuwa nyeupe yenye maua mekundu, ndivyo Mwanakombo alivyodhani. Alipokaribia akaona kwamba maua yanatambaa.

"Mama," Amina alisema, na meno yake yote yalikuwa mekundu. "Usipige kelele. Toka jana usiku fizi zinavuja."

Mwanakombo alimfunua mkono. Madoa meusi. Akamfunua mguu, paja zima lina mabaka, meusi na ya zambarau, makubwa kama viganja. Akili yake ikaenda mahali pamoja tu. Na Shabani, maskini, ndiyo kwanza anaingia uani kutoka zamu, ana mkate kwapani.

Mchi wa jirani ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sijui aliunyanyua vipi, mchi mzito ule, lakini Shabani aliuona unamjia. "Umempiga mwanangu! Mwanangu mzazi, Shabani, umempiga!" Shabani akaruka, mkate ukaenda huko, mchi ukatua ndooni na ndoo ikapasuka. "Mama, wallahi sijamgusa!" Angemfuata mpaka barabarani, kama Amina hangejaribu kusimama ili aamue.

Alisimama, akasema "Hajanigu—" na damu ikamtoka puani, si kwa matone, ni kwa mkondo. Ikalowesha kifua, ikadondoka mchangani, na haikusimama. Mwanakombo aliutupa mchi. Alikinga mikono miwili chini ya kidevu cha binti yake, damu ikajaa, ikapita katikati ya vidole.

Shabani ndiye aliyepata akili. Alikimbia akarudi na mkokoteni, wakamlaza Amina juu ya godoro, na kuli huyo akausukuma mbio mpaka hospitali, watu wanapisha njia. Mwanakombo alikimbia pembeni, mtoto mgongoni.

Daktari alimtazama mara moja, akaagiza sindano na damu ya kumwongeza. Ya Shabani ikapimwa, haikulingana. Ya Mwanakombo ikalingana. Muuguzi alipoanza kumweleza kwamba haitamdhuru, alimkata kauli. "Wewe choma. Chukua yote ukitaka." Na mwanamke huyu aliyeogopa damu ya kuku alikaa akaitazama ya kwake inajaza chupa, akaona inakwenda polepole mno.

Elia alikuja hapo na daftari lake. Uso ulikuwa umemshuka, jasho limelowesha lile koti la pasi. Alikuwa amekihesabu kile kipimo mara tatu, na mara zote kilitoka sawa na alichoandikiwa na daktari. Akachutama mbele ya Shabani. Amekunywa aspirini? Hapana. Pombe? Astaghfirullah, hapana. Amezidisha vidonge? Hapana, wanahesabu pamoja.

"Sasa ni nini kimebadilika, ndugu yangu? Wiki mbili zilizopita vidonge hivihivi vilimfaa. Nini kimebadilika?"

"Hakuna," Shabani alisema. "Nyumba tu. Na chakula, lakini kwangu anakula vizuri zaidi. Wali, samaki, mkate. Si kama kule, kisamvu kutwa mara mbili."

"Kisamvu nakisikia jina tu. Ni kitu gani hasa?"

"Majani ya muhogo. Wewe hukijui kisamvu?"

Elia alimgeukia Mwanakombo. "Mama, alikuwa anakula kiasi gani?"

"Kila mkimtoa damu, nairudisha. Siku tatu. Asubuhi na jioni." Alisema kwa unyonge, kwa kuwa alishaona jinsi macho ya kijana yanavyopanuka. "Wiki za mwisho, kila siku. Sahani imejaa."

Elia alikaa chini kabisa, sakafuni, kwenye koti lake jeupe. Halafu alitoa mfukoni kichupa kidogo cha kioo kilichovunjwa shingo. "Sindano aliyochomwa sasa hivi ndiyo hii. Vitamini K. Ndiyo inayoivunja nguvu wafarini. Tunayo hapa kwa ajili ya mtu aliyezidisha. Na Mungu ameijaza kwenye majani ya kijani, mama. Kila tulipoongeza vidonge, wewe ulikuwa unaongeza majani. Tukaongeza, ukaongeza. Alipokwenda Chuno majani yakakoma, vidonge vikabaki vilevile vingi, peke yavyo."

Mwanakombo alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni, kisha maana ikamfikia. Mkono wake ule uliotwanga. Mkono wake ndio uliokuwa unaikataza dawa, na ndio uliomfanya daktari apandishe, apandishe, mpaka pale.

"Ni mimi?" aliuliza. "Lahaula. Ni mimi?"

"Ni mimi," Elia alisema. "Nilikuuliza dawa, sikukuuliza chakula. Nikakuita mwongo mbele za watu, na ulikuwa unaniambia kweli tupu."

Mtu mwingine angesema yameisha, mwanangu. Mwanakombo hakuwa mtu huyo. "Uliniudhi," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Uliniudhi, nikakuonyesha. Nilimlisha kwa hasira yako wewe. Alishiba, akaniomba basi, nikamlazimisha. Ungeniuliza tu anakula nini! Neno moja, mwanangu, ungeniuliza neno moja!"

Elia akafungua daftari lake, akaandika: kisamvu.

Usiku ule hakuna aliyelala. Pua ilitulia, fizi zikaendelea kuvuja kidogo kidogo, na pale kwenye mkono sindano ilipoingilia damu ilikuwa inachungulia pembeni ya plasta, pamba inalowa, inabadilishwa, inalowa. Daktari alipita alfajiri akasema dawa imeingia, damu mpya imeingia, sasa ni kungoja kama mwili utaitikia. Hakusema utaitikia.

Jua lilipochomoza muuguzi akaja kuhamisha sindano mkono wa pili. Aliichomoa, akaweka pamba, akamwambia Mwanakombo, "Kandamiza hapa, mama. Usiachie mpaka nirudi." Akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mwanakombo akaweka dole gumba juu ya pamba. Alikandamiza, akasoma dua zote alizozijua, akazirudia. Amina amelala, uso wa majivu, anapumua kwa mdomo. Dole likafa ganzi. Muuguzi aliporudi akasema tazama sasa, naye akakataa. Akaambiwa mara ya pili, akakataa. Ikabidi Elia, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu alfajiri, aje amshike mkono, auinue taratibu, dole na pamba vikatoka pamoja.

Palikuwa na kitobo kidogo, cheusi, kikavu. Wakakitazama. Wakangoja. Hakikutoa kitu.

"Imeganda!" Mwanakombo alipiga ukelele uliowaamsha wagonjwa wodi nzima. "Jamani, imeganda! Damu ya mwanangu imeganda!"

Wagonjwa wakatazamana, wakaulizana huyu mama ana nini. Yeye alishapiga magoti, paji la uso amelilaza kwenye mkono wa binti yake, pembeni kidogo ya kile kitobo, asije akakigusa.